Kigingi cha Mzee Machibya Kibaki Kilipo

Jumanne ya tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Ndugu Josephat Machibya atakabidhi upinde wa ofisi na funguo za stoo, kisha ataitwa mstaafu. Siku hiyo anatimiza miaka sitini kwa mujibu wa cheti cha ubatizo. Yeye mwenyewe husema mama yake alimzaa wakati wa kuvuna pamba, na padre akachagua tarehe iliyomfaa. Mimi, Bernadetta Kokugonza wa Utawala, ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya kijitabu cha sherehe, pamoja na onyo kwamba nisijisifu humo ndani. Watu wa Kagera hatujisifu, tunaeleza tu mambo yalivyo, lakini sharti nimelikubali.

Kwa wageni wasiotufahamu, Ranchi ya Nyabusalu iko kwenye ghuba, kusini mwa Buhongwa, na ng'ombe wetu wanakunywa maji ya ziwa. Tumezungukwa na mashamba ya mihogo na viazi ya kijiji cha Ihalalo. Kati ya mashamba na maji kuna matete na mafunjo, na humo nguruwe pori wanazaliana kuliko tunavyopenda. Nyumba za watu ziko karibu, kwa hiyo bunduki haifai. Risasi iliyokosa inaweza kwenda kuishia jikoni kwa mtu. Ndiyo maana ranchi ina kibali cha kuwapunguza nguruwe hao kwa upinde wa mti na mishale ya mti, na ina kikosi kidogo kinachofanya kazi hiyo. Mkuu wa kikosi hicho kwa miaka mingi ndiye huyu tunayemuaga.

Mzee Machibya alizaliwa Misungwi, kwa wafugaji. Upinde alifundishwa na mjomba wake wakati wa kuchunga. Alifika Nyabusalu mwaka 1995 akaajiriwa kutengeneza uzio, na uzio wa upande wa kaskazini ambao hadi leo haujalala ni wa mikono yake. Mwaka uliofuata, siku ya Sabasaba, alishinda mashindano ya kulenga shabaha: hatua arobaini, mishale mitano, na minne ikaingia. Alizawadiwa baiskeli. Alirudi ranchini akiiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukipungia watu, na wiki hiyohiyo meneja wa wakati ule akamhamisha kutoka kwenye uzio akampeleka kwenye kikosi cha upinde.

Hapo ndipo alipokosea, na ameniagiza nisiliruke. Siku chache baadaye nguruwe alitokea kando ya uzio, umbali uleule wa Sabasaba, na watu wa Ihalalo walikuwa wamesimama wakitazama bingwa wao. Machibya alilenga vizuri. Tatizo ni kwamba gunia la mashindano halina masikio. Nguruwe alisikia mlio wa kamba mshale ukiwa bado njiani, akashtuka, akageuka, na mshale uliokuwa unakwenda kwenye moyo ukaingia tumboni. Akakimbilia kwenye mafunjo. Walimfuata mpaka siku ya pili, wakamkuta bado hai. Machibya alimmalizia, akakaa chini kwenye tope. Ile baiskeli hakuipanda tena. Mkewe, Mama Getruda, ndiye aliyekuwa akienda nayo sokoni.

Alichokielewa siku ile ndicho alichotufundisha sisi wengine. Kwenye mashindano, mwenye minne kati ya mitano anapewa zawadi. Porini ule mshale wa tano ni mnyama anayelia usiku kucha kwenye matete, nyama inayooza, na mama wa watu anayekutana asubuhi na nguruwe mwenye hasira akienda kuchota maji. Kwa hiyo kila mwindaji, akasema, lazima ajue umbali wake wa uhakika. Siyo umbali aliowahi kupata, wala ule anaowasimulia wenzake kwenye kahawa.

Ndipo kikazaliwa kigingi. Kwenye uwanja wetu wa shabaha, nyuma ya stoo, kuna gunia lililojazwa nyasi, na juu yake limechorwa duara la mkaa kwa kuzungushia sahani ya bati, kwa sababu sehemu ya moyo na mapafu ya nguruwe haizidi sana sahani. Mbele ya gunia kuna vigingi vya mti, kila kimoja kimechomwa jina la mtu kwa chuma cha moto. Asubuhi unapanda kutoka ufukweni na mabuti yako, ukiwa unahema kama utakavyokuwa unahema porini, unasimama kwenye kigingi chako na kutupa mshale mmoja. Ukiingia ndani ya duara, kigingi kinabaki. Ukikosa, kinasogezwa mbele palepale, na hakirudi nyuma mpaka umepata mfululizo kwa mwezi mzima. Mshale wa pili haumhusu mtu, hata kama umeua nzi.

Kigingi chako kilipo, ndipo ruhusa yako inapoishia. Nguruwe akisimama hatua moja zaidi ya hapo, unamtazama, unamwacha. Akiwa karibu lakini amekuelekezea uso, au kuna nyasi katikati, au upepo wa ziwa umegeuka na kumpelekea harufu yako, unamwacha vilevile. Vijana wengi wenye vifua walikuja kikosini wakidhani wamekuja kutupa mishale, wakajikuta mwaka wa kwanza kazi yao kubwa ni kurudi mikono mitupu. Mzee alikuwa akiwapokea kwa furaha kuliko aliyerudi na nyama, jambo lililowaudhi sana.

Vigingi vyetu vina historia. Padre Gosbert, aliyekuja siku moja kubariki zizi, aliomba kujaribu. Kigingi chake kiko mahali ambapo angeweza kushikana mkono na gunia, na kila Krismasi huja kukisalimia. Changu mimi kiko nyuma kidogo ya cha padre, na sitakiongelea zaidi. Cha Mzee mwenyewe kilisimama miaka mingi kwenye hatua ishirini, halafu kumi na nane, na hapo kikakaa mpaka watu wakakizoea kama mti.

Nyumbani nako ni hivyohivyo. Mama Getruda anasema mumewe hawezi kutupa kitambaa kwenye ndoo bila kuisogelea kwanza. Anasema hata uchumba ulikuwa hivyo. Wenzake walikuwa wanatuma washenga mara moja. Huyu alikuja kwa baba mkwe kusaidia kupalilia, akaja kuvuna, akaja kuezeka banda, mpaka mzee wa watu akamuuliza kama ana shida gani. Ndipo akasema. Hakukataliwa, na hadi leo anatembea akijua kwamba asingekataliwa.

Mafanikio yake yanajulikana, ila niyataje kwa sababu ndiyo kazi ya kijitabu. Tangu vigingi vianze, nguruwe wa kujeruhiwa na kupotea wamekuwa adimu hivi kwamba akitokea mmoja kijiji kizima kinauliza kulikoni. Kibali chetu hakijawahi kusitishwa. Nyama hugawiwa Ihalalo, shamba lililoliwa zaidi likianza. Wapiga upinde aliowafundisha wako katika ranchi nyingine hadi ng'ambo ya ghuba, na huko nako nasikia kuna vigingi. Ana kasoro pia. Ni mbishi. Anaweza kubishana na fundi, na daktari, na upepo, yote hayo kabla ya chai.

Sasa nije kwenye mwaka huu, maana bila hilo wasifu huu ungekuwa wa mtu yeyote.

Mwaka jana mwishoni, Mzee alianguka na bodaboda kwenye kona ya Butimba akaumia bega la kuvutia kamba. Bega lilipona, lakini si la zamani, na macho nayo yalikuwa yameanza safari yao. Ilipofika Machi, mshale wake wa asubuhi ukaanza kugonga nje ya duara. Si kwa mbali. Kwa kidole, kwa vidole viwili, ambavyo macho yake hayakuviona kutoka kwenye kigingi. Sheria ilikuwa wazi, lakini nani angekwenda kung'oa kigingi cha Mzee Machibya na kukisogeza mbele, mbele ya macho yake, miezi mitatu kabla hajastaafu? Kikosi kizima kilianza kutazama ziwa.

Jonathan, mtunza stoo, ndiye anayechora duara kila Jumatatu. Ni mtu mpole, ana huruma, na Mzee ndiye aliyemsimamia ndoa yake. Jumatatu moja sahani ya bati ikabaki jikoni, na Jonathan akachora duara kwa sinia. Hakumwambia mtu, wala hakuna aliyemuuliza. Asubuhi ile mshale wa Mzee ukaingia ndani, kikosi kikashusha pumzi, na kigingi kikabaki kwenye hatua kumi na nane. Wiki ile hata mimi nilipata mara tatu mfululizo, nikaanza kufikiri kwamba nina kipaji kilichocheleweshwa na elimu.

Wakati huohuo kulikuwa na Mwenyekiti. Hilo ni jina walilompa wanakijiji dume mmoja mkubwa wa nguruwe, kwa sababu alikuwa akifika muda anaotaka, anakula wa kwanza, na haondoki mpaka aridhike. Alikuwa amemaliza mihogo ya kaya kadhaa, na hasa ya Bi Selina, mjane mwenye shamba linalopakana na matete. Mwezi wa Aprili Ihalalo waliitisha mkutano, wakasema uvumilivu umekwisha. Kama ranchi haiwezi, wao watatega sumu. Bi Selina alisema ameshainunua, iko chini ya kitanda. Sisi tulijua sumu itakavyofanya: itaua mbwa, itaua ng'ombe, na mvua ikinyesha itashuka ziwani tunakovua sato na kunywa maji wote. Mzee Machibya alisimama akawaomba wampe muda mpaka atakapostaafu, akaahidi kwamba Mwenyekiti atamwondoa yeye mwenyewe. Wakakubali kwa sababu ni yeye.

Katikati ya Mei, alfajiri, yeye na makamu wake, Winnie Shimba, walimpata. Winnie ndiye aliyenisimulia. Mwenyekiti alitoka kwenye matete akasimama, ubavu wazi, upepo ukitoka kwake kuja kwao, na umbali ulikuwa hatua kumi na nane kamili. Winnie alikuwa upande ambao kichaka kilimziba, kwa hiyo kazi ilikuwa ya Mzee peke yake. Mzee alivuta kamba. Akaishikilia. Kisha akairudisha polepole, akashusha upinde, na Mwenyekiti akaondoka zake kwa hatua za mtu mwenye cheo.

Winnie alimuuliza kwa nini, ilhali umbali ulikuwa wake. Mzee akamjibu kwamba kigingi kinasema ndiyo, lakini bega linasema hapana, na mmoja wao anadanganya. Wakarudi ranchini. Huko hakwenda kunywa chai. Alikwenda jikoni, akachukua sahani ya bati, akaenda nayo uwanjani na kuiweka juu ya duara. Duara lilibaki wazi pande zote, upana wa kiganja.

Tuliitwa wote, na hata wa ofisini tulitoka. Jonathan alikiri kabla hajaulizwa, akilia. Nilitegemea Mzee afoke, maana kufoka anakujua. Alisema kwa sauti ya chini tu, "Mmenipenda vibaya. Nguruwe hajui kama mimi ni mzee wenu." Halafu akamshika Jonathan bega, akampa mkaa, akamwambia achore upya, kwa sahani.

Nimefanya kazi ofisi tatu, lakini sijapata kuona jambo kama lililofuata. Mzee alishuka ufukweni, akapanda akihema, akatupa mshale mmoja kutoka hatua kumi na nane. Ukakosa. Akang'oa kigingi chake kwa mikono yake akakisogeza. Kesho yake tena, na kesho yake. Kikapita cha Winnie, kikapita vya vijana, kikapita changu, na sikuthubutu hata kutabasamu. Kilikuja kusimama kwenye hatua saba. Hapo mshale ukaingia katikati, na asubuhi zote zilizofuata ukaingia katikati. Wengine wetu nasi tulipimwa upya kwa sahani, na hakuna kigingi kilichobaki kilipokuwa. Kipaji changu kiliisha siku hiyohiyo.

Ilibaki Ihalalo. Tulimshauri aseme anaumwa, Winnie achukue jukumu, mambo yaende kimyakimya. Alikataa katakata. Alikwenda mkutanoni, akasimama mbele ya watu aliowaahidi, akasema, "Mimi umbali wangu sasa ni hatua saba. Mbali ya hapo simpigi, hata mkinizomea." Na walimzomea kweli, wa nyuma hasa. Mmoja akauliza kama Mwenyekiti atatumiwa mwaliko wa kusogea.

Aliyewanyamazisha ni Bi Selina, ambaye ndiye tuliyemwogopa kuliko wote. Alisimama akasema, "Kumbe ndiyo hivyo, mzee wangu? Sisi tulidhani wewe unampiga hata akiwa Nyamagana mjini." Watu wakacheka. Kisha akasema jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Kila alfajiri Mwenyekiti hupita kati ya kichuguu na ukuta wa jiko lake, kwenye kijia chembamba, akifuata maganda ya mihogo, naye humsikia akitafuna akiwa kitandani. Hakuwahi kusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na yeye aliamini wapiga upinde wanataka uwanda. Tangu kichuguu mpaka kijia, alisema, hata hatua saba hazifiki.

Alfajiri ya kwanza nyuma ya kichuguu, upepo uligeuka, Mzee akarudi nyumbani. Ya pili Mwenyekiti alikuja akiwa ameelekea upande wake, uso kwa uso, na Mzee hakuvuta. Bi Selina, aliyekuwa dirishani, anasema alitamani kumtupia sufuria, ila hajui kati ya hao wawili angemtupia nani. Ya tatu Mwenyekiti aliinamia maganda, akageuza ubavu. Mshale mmoja. Nguruwe aliruka, akakimbia hadi kwenye mipapai, akalala. Hakufika hata kwenye matete. Bi Selina anasema hakusikia kilio, alisikia tu kuku wakiamka. Nyama iligawiwa asubuhi hiyo, na yeye akapewa paja. Mchana alipeleka ile sumu ofisi ya kijiji, pakiti haijafunguliwa, wakaiteketeza kwa utaratibu.

Kuhusu kigingi. Desturi yetu ni kwamba anayestaafu, kigingi chake hakiondolewi. Kamati ya sherehe, ambayo mimi ni katibu wake, ilipendekeza cha Mzee kirudishwe kwenye hatua ishirini kwa heshima ya miaka yake mizuri, na kipakwe rangi. Alitusikiliza, akamaliza chai, akasema kigingi kibaki kilipo. Miaka yake mizuri, alisema, ni pamoja na huu. Basi mgeni utakapofika uwanjani na kukuta jina la mkuu wa kikosi liko mbele ya majina yote isipokuwa la padre, usidhani tumekosea.

Tunakushukuru, Mzee Machibya, kwa uzio wa kaskazini, kwa vijana uliowarudisha mikono mitupu mpaka wakakomaa, na kwa Winnie Shimba, anayepokea kikosi akiwa na kigingi cha kweli. Tunakushukuru kwa maji ya ghuba ambayo tunaendelea kuyanywa bila hofu. Nakupenda kama kaka, naandika hivyo nikijua utabisha. Unarudi Misungwi kwenye pamba yako na miti yako ya kuchonga pinde. Mama Getruda anasema baiskeli ya Sabasaba bado ipo, ameitia tairi mpya, na sasa ni zamu yako kuipanda. Ipande, mzee wetu. Uwe na afya, usingizi mzuri, na majirani wa kubishana nao.

Ratiba ya siku ni hii: baada ya chakula, wageni wote wataelekea uwanja wa shabaha. Mstaafu atapanda kutoka ufukweni na mabuti yake, kisha atatupa mshale mmoja kutoka kwenye kigingi chake. Duara litachorwa na Jonathan, kwa sahani. Sinia, kwa agizo la mstaafu, litabaki jikoni na pilau. Akipata, tutapiga makofi. Akikosa, kigingi kitasogezwa palepale mbele ya mgeni rasmi, na makofi yatakuwa yaleyale.